Wivu Ghalani

Nakumbuka asubuhi moja pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi kule Malawi, mwanangu, mlango wangu ulipigwa teke. Hakuna hodi wala nini. Nilikuwa nimejifungia na kitabu cha kilimo cha Kiingereza, chai imepoa pembeni. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, kambi ingali changa. Aliyepiga teke ni jirani yangu Mama Zuhura, Mkongomani wa Kindu aliyekuwa akiuza maandazi, na alitumia mguu kwa sababu mikononi alikuwa na magunia.

Ngoja nikueleze kwanza. Nilitoka Burundi na digrii ya kilimo, niliyoisoma kwa Kifaransa mwanzo hadi mwisho. Chuo kimoja cha Lilongwe kilikubali nifanye mtihani wa kuingia shahada ya uzamili. Nikifaulu, nitasoma bure na kulala bwenini. Nikianguka, nitabaki kwenye foleni ya unga wa msaada, maana walishaniambia kwamba mkimbizi hapewi nafasi ya pili. Basi nikawa nameza Kiingereza kutwa. Kambini waliniita Madamu Agronomu, na jina hilo lilikuwa limenivimbisha kichwa. Kumuuliza mtu maana ya neno niliona ni kujivua nguo hadharani.

"We Madamu, kitabu kitakukausha," Mama Zuhura akasema. "Twende Mponela tuuze macho, tununue na mahindi. Kule bantu banaongea, njo utasikia luga ya hapa."

"Mama, mtihani uko karibu."

"Mutihani iko Malawi, hapana Bujumbura. Beba gunia."

Nilibeba, nimenuna. Tulipanda matola, nyuma ya lori la tumbaku, na tulipofika sokoni nikasimama kando kama sijuani naye. Mama Zuhura alikuwa na maneno machache ya Kichewa, yote akiyasema kombo. Aliingiza mkono kwenye gunia la mwanamke mmoja, akatoa punje zenye matundu, akauliza kwa Kiswahili na kwa vidole hiki ni kitu gani. "Nankafumbwe," mwanamke akamjibu, akamwonyesha mdudu mdogo mweusi akitembea kiganjani. Mama Zuhura akajaribu kulitamka, wauzaji wakaangua kicheko, naye akacheka kuwashinda. "Zikomo," akashukuru, akajaribu tena hadi akalipata. Mimi nilikuwa nikiona haya kwa niaba yake. Mahindi yenyewe aliyanunua hivyo hivyo kwa kuwa yalikuwa rahisi, na haukupita muda wadudu wakamaliza nusu ya gunia.

Siku ya mtihani ikafika. Swali lililobeba alama nyingi lilitaka nieleze jinsi ya kukinga mahindi na "weevil". Sikuwahi kuliona neno hilo. Nikalisoma polepole midomoni, nikasikia "wivu". Mwanangu, nilikaa pale nikijiuliza wivu umeingiaje ghalani. Wenzangu walikuwa wanaandika, mimi naiona foleni ya unga inanisubiri.

Hapo nikamkumbuka Mama Zuhura na kile kicheko cha soko zima. Kilimpunguzia nini? Nikanyanyua mkono, nao ulikuwa mzito ajabu. Msimamizi, mzee wa Kimalawi mwenye miwani, akaja. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kuungaunga kwamba neno lile silijui. Akalitazama, akafikiri kidogo, akainama.

"Nankafumbwe," akasema.

Nilitaka kumkumbatia mzee wa watu. Nikavuta pumzi kwa sauti hadi jirani akageuka. Mdudu yule nilimjua kwa Kifaransa tangu akiwa yai, na jina lake la Malawi nilikuwa nalo kutoka Mponela. Nikaandika, Kiingereza kikichechemea, hadi tulipoamriwa kuweka kalamu chini.

Jina langu lilipotoka kwenye orodha ya waliofaulu, nilirudi kambini mbio mbio kumpa habari Mama Zuhura. Akataka kujua waliniuliza nini. Nikamweleza.

"Njo ule mududu alikula mahindi yangu?"

"Huyo huyo, mama."

Akageuza andazi kwenye mafuta, akatikisa kichwa. "Basi nimemusamehe."

Ndiyo maana nimekuita leo, wewe uliyejifungia na vitabu vya mtihani hadi mama yako anakupitishia chakula mlangoni. Soma, sikukatazi. Ila toka pia, kaa na watu wa hapa ulipo, usikie vitu wanaviitaje. Na neno usilolijua liulize leo, kwa sauti, hata wakikucheka. Mimi, kwa kuogopa kuchekwa, nusura niyakose maisha niliyoyapata.

Nenda, mwanangu. Mungu akutulize moyo ukikaa kwenye kiti cha mtihani, akupe ulimi usioona haya kuuliza, na akuwekee Mama Zuhura wako wa kukupigia mlango teke.