Bwate Iliyokohoa

Naona haya hata kuwaambia, lakini Kasulo yote inajua tayari, kwa hiyo afadhali mnisikie mwenyewe kabla ya wanaotia chumvi.

Gari ni la marehemu baba, la zamani hasa, mpaka leo watu hugeuka kulitazama, na dada yangu Odette alitaka jambo moja tu: limpeleke kanisani siku ya harusi yake. Tatizo ni giaboksi (sisi huku twaiita bwate), imechoka, gia ya pili inaruka yenyewe. Nikaishusha, nikabadilisha beringi na zile pete za shaba zilizolika, nikaipandisha tena, kifua mbele, na harusi ni kesho. Ndipo nikaamua, kwa maringo tu, kuisikiliza kama mafundi wakubwa: unalala chini ya gari, ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini sikioni. Odette, kwenye usukani, akawasha injini: safi kabisa. Odette akaizima.

Ko. Ko. Ko.

Nywele zilinisimama. Baba ndiye aliyenifundisha kuendesha gari hilohilo, na kila nikisagisha gia aligonga dashibodi mara tatu, bila neno. Tena alipokuwa hai hakuna aliyeruhusiwa kuigusa bwate yake.

"Tata," nikanong'ona, maana ndivyo tulivyomwita baba, "kama ni weye, gonga tena."

Ko. Ko. Ko.

(Chekeni tu, mimi wakati ule sikucheka.) Nikaishusha upya, nikaitandaza vipande vipande juu ya turubai, hakuna jino lililovunjika, nikaweka bisibisi kwenye chesisi, bado anagonga, ila sasa polepole, kama mtu anayechoka. Mimi mzaliwa wa Kasulo, mtaa ambao watu wanachimba kobalti hadi chini ya vitanda vyao, ningepaswa kufikiri hapo! Badala yake nikamwita Mama Rejina wa kikundi cha sala, akaja na wenzake, majirani wakajaa uani, tukaizunguka bwate kwa makofi, na mimi napaza sauti kuliko wote, namwamuru baba arudi kaburini: "Rudia chini kwenye ulitoka! Rudia chini!"

Tukanyamaza kuvuta pumzi. Chini ya miguu yetu kitu kikakohoa.

Uani vilibaki viatu. Mama Rejina alitoka mbio bila hata kusema amina, nami nilikuwa nyuma yake. Odette peke yake ndiye aliyelaza sikio kwenye udongo, akanipigia kelele:

"Tata hakukuwa na kikohozi! Huyu ni muntu muzima, anapumua! Kuya tuchimbe!"

Tukasukuma gari pembeni, tukachimba, majirani wakarudi mmoja mmoja wakiinamisha macho. Alikuwa mchimba kobalti. Handaki lake lilianzia kwa jirani likapita chini yangu bila hodi, udongo ukamfungia njia. Alipotoka, vumbi tupu hadi kwenye kope, akanitambua kwa sauti yangu.

"Nilikuwa nalomba musaada, tata. Na ni weye ulikuwa unanifukuza."

Nikamletea maji ya kunywa. Vipande vya bwate vilifukiwa na udongo wa kumtoa yeye, Odette akaenda kuolewa kwa pikipiki, gauni limekunjwa magotini, wala hakunilaumu. Mtaa mzima sasa unaniita Rudia Chini, nami naitika. Ila nimeapa: nikisikia kitu kinagonga, popote pale, kwanza nalala chini nauliza, "Ni nani?" Halafu nanyamaza, nasubiri anijibu.