Shangazi Anayeongea na Mashati

Shangazi ni dobi. Chumba chake cha mbele kina meza ndefu ya kupigia pasi, kamba mbili kutoka ukutani hadi dirishani, na matenga matatu ya nguo. Humo ndani haachi kuongea. Anayepita nje hudhani ana wageni, kumbe yuko na shati.

"Wewe kola, mbona umekunjamana hivi, ulilaliwa? Njoo nikunyooshe. Kwanza maji kidogo. Haya, sasa pasi. Ina moto hiyo, usiguse."

Maneno hayo ya Shangazi yalimlenga mdogo wangu, aliyekaa sakafuni na miaka yake mitatu na nusu. Mtaani walimpachika jina la Hakimu, kwa sababu alisikiliza kesi zote na hukumu haikutoka. Maneno yake yalikuwa matano: mama, hapana, nje, na mawili ambayo maana yake aliijua mwenyewe.

Hatukuwa na haraka naye mpaka mama alipompeleka chekechea. Mwalimu alimuuliza maswali machache, kisha akamgeukia mama.

"Mama, nina watoto thelathini humu. Huyu akibanwa na haja nitajuaje? Mrudishe shule zikifunguliwa. Akiweza kuniomba kitu kwa mdomo wake, nafasi ni yake. Asipoweza, itabidi nimpe mwingine."

Mama anafanya usafi hospitalini, kwa zamu. Siku ile alivua viatu akaviacha katikati ya chumba, akakaa. Tulikuwa na wiki tano.

"Niletee huku kwenye kelele," Shangazi akamwambia.

Alijua jinsi ulimi unavyozoea kulala usipotumika. Miaka kumi na mmoja alifua kwenye chumba cha chini cha hoteli, mashine zikinguruma kutwa, wafanyakazi wakielekezana kwa vidole. "Nikawa nikirudi nyumbani namwonyesha mume wangu chumvi kwa kidole," aliniambia. "Siku moja akaniuliza kama tumegombana."

Kazi ya dobi huanzia mifukoni. Kabla ya kuloweka suruali lazima uikague, maana kalamu moja inaharibu beseni zima. Shangazi akampa Hakimu kazi hiyo. Mtoto anatia mkono, anakamata kitu, lakini hakitoi kwanza.

"Kigumu au laini?" Shangazi anauliza. "Kina ncha? Mimi nadhani ni kalamu. Wewe je?"

Halafu ananyamaza. Ananyamaza kweli, anamtazama usoni kama mtu asiye na kazi nyingine. Kikitoka kifungo, anakipokea kwa mikono miwili. "Kumbe kifungo. Kifungo cheusi cha fundi baiskeli. Kimekatika, maskini. Kifungo hiki tutamshonea." Hata siku moja sikumsikia akimwambia, "Haya, sema kifungo."

Wiki mbili zikapita, na Hakimu bado anakagua mifuko kimya. Aliyekuwa anaharibu ni mimi, ila sikujua. Mimi si msemaji. Shule niliishia darasa la tano, na nimezoea kuangalia. Hakimu akilitupia jicho jagi, nishaleta kikombe. Akijikuna sikio, namtandikia alale. Nilijivunia hilo.

Siku moja akakodolea macho kapu la vibanio lililokuwa juu ya kabati. Nikainuka.

"Kaa chini," Shangazi akasema, bila ukali. "Mwanangu, mdogo wako unampenda?"

"Nampenda."

"Basi kuwa mjinga kidogo. Unamjua mno. Aongee ya nini, na wewe umeshamaliza kila kitu?"

Akanipa mashuka nikunje, nimpe mtoto mgongo. Hakimu akanivuta gauni. Nikakunja. Akavuta tena, akaguna, akaanza kulialia. Machozi yangu yalikuwa karibu kuliko yake.

Fundi baiskeli alikuwa mlangoni, amefuata suruali yake. "Dada mtu, leo umekuwa kiziwi?"

"Na wewe kuwa kiziwi," Shangazi akamjibu. "Subiri hapo."

Tukasubiri wote.

"Dada," Hakimu akasema. Kisha, "Kapu."

Nikageuka. "Kapu la vibanio? Lile la juu?" Nikamshushia.

"Basi hukumu imesomwa," fundi akasema. "Rufaa hakuna."

Baada ya hapo maneno yalianza kuja, mengine kichwa chini. Akisema, "Shati moto," Shangazi hamsahihishi. Anaitikia tu, "Eh, shati lina moto, limetoka kwenye pasi sasa hivi."

Shule zilipofunguliwa nilimpeleka mimi, mama alikuwa zamu. Mwalimu akaweka mpira mezani.

"Unataka nini, baba?"

Hakimu hakuutazama mpira. Alinitazama mimi, amebana magoti. Nilijua. Ulimi wangu ni mzito tangu zamani, lakini asubuhi ile ulitaka kuchomoka wenyewe. Nikaangalia picha za ukutani, nikahesabu kuku waliochorwa. Walikuwa tisa. Nikawahesabu upya.

"Mwalimu," sauti ikatoka nyuma yangu, "nataka kukojoa."

Mwalimu akamshika mkono wakaondoka mbiombio. Waliporudi, akafungua daftari lake akamwandika.

Jioni mama alifika na sare yake ya kazi, hakuthubutu kuniuliza. Hakimu ndiye aliyemfuata mlangoni.

"Mama, nimekojoa shule."

Mama akachuchumaa mbele yake, akamwomba arudie. Akarudia.