Niliwaambia kaka atafika kwa masaa kumi na nane

Admin, nifichie jina, Bariadi tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, nina duka dogo la kuchapa na fotokopi. Kwetu tulizaliwa wawili, mimi na kaka yangu anayeishi Kanada. Kwenye ukoo mimi ndiye ninayeitwa msomi, mtu akikwama jambo anaambiwa muulize yule. Na mimi nilipenda, siwafichi.

Mwaka jana mama alifariki kijijini Sapiwi. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anayetangulia kutupa udongo kaburini, kwa hiyo kaka alinipigia saa moja jioni akiwa uwanja wa ndege Toronto, analia. "Ndiyo napanda. Waambie wanisubiri nimzike mama." Simu ikazimwa.

Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa familia tangu baba afariki, akaniuliza atafika lini. Nikaingia mtandaoni, nikaandika Toronto mpaka Mwanza. Ikaja kilomita kama elfu kumi na mbili, masaa kumi na tano. Nikajumlisha na masaa matatu ya gari kutoka Mwanza, nikasema mbele ya wazee wote, kesho saa saba mchana yupo hapa. "Mayu, una uhakika?" akauliza baba mdogo, mayu kwetu ni mama, ndivyo anavyoniita. Nikamjibu simu haikosei.

Sijawahi kupanda ndege. Sikujua yale masaa ni ya mstari ulionyooka angani, kana kwamba kuna ndege inatoka kule hadi Mwanza bila kusimama. Kaka alibadilisha Addis Ababa, akafika Dar, ndege ya Mwanza ikawa imejaa hadi kesho yake.

Kwa maneno yangu mwili ulitolewa mochwari asubuhi. Saa saba ikapita, saa tisa ikapita, kaka hapatikani, laini yake ya Kanada haishiki huku. Watu wakaanza kusema hakupanda, ametudanganya. Niliona aibu kusema sina hakika. Saa kumi baba mdogo akaamuru tuzike.

Kaka alifika siku ya pili saa tano asubuhi, udongo bado mbichi. Alipiga magoti pale na koti lake la baridi. Kisha akamgeukia baba mdogo. "Mmeshindwa kunisubiri hata siku moja? Kwangu wewe si baba tena." Baba mdogo akanitazama mimi, halafu akainamisha kichwa. Hakusema neno. Na mimi sikusema.

Sasa baba mdogo anaumwa, hainuki kitandani, na kila nikienda ananiuliza kama kaka amepiga. Kaka hapokei simu ya baba mdogo. Juzi nilimwambia baba mdogo kwamba nitamweleza kaka ukweli, akanishika mkono. "Acha, mayu. Mmebaki wawili tu, mimi nimeshazeeka." Nilitoka nje nikalia.

Kaka hunipigia kila jioni. Ananiambia kwenye ukoo ule mzima anayemwamini ni mimi peke yangu, na mimi nasema asante kaka. Nikimweleza, nitabaki bila ndugu. Nikinyamaza, baba mdogo ataingia kaburini na kosa langu, na safari hii kaka hatapanda ndege kabisa. Jioni ya leo atapiga tena. Nyie mngekuwa mimi, mngemwambia nini?