Nyoka wa Kichuguu

Jirani anachoma miti ya pamba baada ya mavuno, na harufu ya moshi wake imenirudisha kwenye shamba letu, nikiwa na jembe lililonizidi urefu.

Tulikuwa tumeng'oa miti yote. Mayu, mama yangu, alinionya nisiirundike kwenye kichuguu, kwa kuwa chini yake, penye udongo laini na majani yaliyooza, aliishi nyoka ambaye sisi watoto tulisema ana vichwa viwili.

"Hana pengine pa kukaa," alisema.

Nilikuwa mvivu wa kubeba. Niliirundika palepale nikawasha moto.

Alitoka mweusi, anang'aa, mnene kama kidole gumba. Ncha zake zote mbili zilifanana, sikujua ipi itaniuma. Mkojo ukanishuka mapajani. Yeye alikuwa akichimba ardhi tuliyoikanyaga tangu asubuhi, akishindwa, akijaribu tena.

"Mwache, anatafuta pa kuingia," mayu alisema akija mbio.

Nilimkata kwa jembe. Vipande vyote viwili vikacheza, nikapiga yowe.

Mayu alikigeuza kimoja kwa kijiti. "Haya, nionyeshe kichwa cha pili. Huyu hata macho hana, shujaa wangu."

Kichuguu chenyewe nilikuja kukisawazisha kwa trekta nilipokuwa mtu mzima, nipate mistari miwili zaidi ya pamba. Sijamwona nyoka mwingine wa namna ile. Leo nimekwenda pale, nikaikandamiza fimbo yangu ardhini kwa mikono yote miwili. Haikuingia.