Kiitikio Kiandikwe Mara Ngapi

Mwenyekiti wa kamati ya kongamano la kanisa alipokuja kwangu Ijumaa jioni kuniomba nitayarishe karatasi za nyimbo kwa kompyuta ya binti yangu, nilipaswa kumwambia hapana. Nilikubali kabla chai yake haijapoa.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kasha jeusi lililokaa kwenye meza ya pembeni sebuleni, hapa Nunguni. Skrini yake ilikuwa imefunikwa kwa leso ya kijani yenye maua. Binti yangu ndiye aliyeifunika asubuhi ya siku hiyo, kabla ya kuondoka kwenda Kyuso kumwona mama yake, ambaye hukaa huko sana siku hizi akimtunza mama mkwe wangu na shamba la ndengu. Aliniachia nyumba, kuku na agizo moja: leso ikiwa juu ya skrini, mashine inapima, isiguswe.

Alikuwa amerudi nyumbani mwaka uliotangulia, akitoka Nairobi na begi moja la nguo na masanduku mawili ya nyaya. Mimi humwita Mwaitu, yaani mama yangu, kwa sababu alirithi jina la mama yangu mzazi. Majirani walidhani amefutwa kazi. Hakuwa amefutwa. Wakubwa wake walikuwa wamemruhusu kufanyia kazi nyumbani kwa majaribio, mpaka ile kazi aliyokuwa ameishika ikaguliwe. Ikionekana imeleta faida, angeendelea kukaa Nunguni. Isipoonekana, arudi ofisini kama wenzake. Alinieleza hayo siku ya kwanza tukila muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, akasema anataka kukaa. Nyumba hii ina baridi, ina ukungu, na mzee anayekoroma hadi kuku wanaamka, lakini anataka kukaa. Nilijifanya ninatafuta chumvi.

Kazi yake ilikuwa kuboresha kompaila. Nilisoma hadi kidato cha nne, basi, na neno hilo lilinichukua muda. Mtu huandika programu kwa lugha ambayo binadamu anaweza kuisoma. Kompaila ni programu nyingine inayoyageuza maandishi hayo yawe amri ambazo mashine inazitekeleza. Sasa, ndani ya programu kuna vipande vya kazi vyenye majina, na kipande kimoja huitwa kutoka mahali pengi. Kila kinapoitwa, mashine huacha ilipokuwa, huenda kilipo kile kipande, hukifanya, kisha hurudi. Safari ni fupi, lakini ikirudiwa mno inakula muda. Kompaila inaweza kuifuta safari hiyo kwa kukinakili kipande chote pale pale kinapoitwa. Tatizo ni kwamba ukinakili kila kitu kila mahali, programu inavimba, haienei tena kwenye kumbukumbu ndogo iliyo karibu na mashine, na mwendo unashuka badala ya kupanda. Kwa hiyo kompaila lazima iamue kipi kinakiliwe na kipi kiachwe kiitwe. Binti yangu alikuwa anaifundisha kuamua vizuri zaidi.

Alinieleza haya mara nyingi, nami nikiitikia kwa kichwa kama mtu anayengoja mahubiri yaishe. Tulikuja kuelewana siku aliyonikuta nikinung'unika mbele ya karatasi ya Jumapili. Mimi ndiye ninayetayarisha karatasi za nyimbo kanisani kwetu, tangu enzi za stensili, na printa ya kanisa hukaa kwangu. Aliniuliza ninanung'unikia nini. Nikamwambia wimbo huu una beti tano na kiitikio kirefu. Nikiandika tu neno "kiitikio" baada ya kila ubeti, akina mama wazee watalazimika kupanda kwa macho hadi juu kukitafuta, na wakirudi chini hawajui walikuwa ubeti gani. Nikikiandika kamili kila mara, wimbo unamwagika hadi nyuma ya karatasi, na kanisa zima linageuza karatasi kwa pamoja, kelele kama shamba la mahindi makavu siku ya upepo. Kwenye mazishi fulani tuliwahi kuupoteza wimbo katikati kwa sababu hiyo, nusu ya watu wakiwa upande huu wa karatasi na nusu upande ule, na marehemu akangoja.

Aliweka kikombe chini akacheka mpaka akafuta macho.

"Baba, hiyo ndiyo kazi yangu. Tofauti ni kwamba mimi nalipwa."

Tangu siku hiyo akaniita Kompaila. Angeingia jikoni akauliza, "Kompaila amekula?" Na jioni, akiwa amekwama, angekuja kukaa karibu nami na kunisimulia kazi yake kwa lugha ya nyimbo. Kanuni ya zamani, alisema, ilitumia rula tu: kipande kikizidi urefu fulani hakinakiliwi, hata kiwe kinaitwa namna gani. Ni kama kusema kiitikio kinachozidi mistari minne kisiandikwe kamili kamwe. Lakini kuna wimbo wenye kiitikio kirefu tunaouimba kila Jumapili, na kuna wenye kiitikio kifupi tunaouimba Ijumaa Kuu peke yake. Yeye alitaka kompaila iulize kwanza wimbo unaimbwa mara ngapi, halafu iulize kama karatasi itamwagika. Kisha kulikuwa na jambo la tatu, ambalo alilipenda kuliko yote. Wakati mwingine ukishakiandika kiitikio chini ya ubeti unagundua kwamba mstari wa mwisho wa ubeti ndio ule ule wa kwanza wa kiitikio. Unafuta mmoja. Wimbo unakuwa mfupi kuliko ulivyotarajia, na usingeliona hilo bila kuviweka viwili pamoja. Alisema kompaila ya zamani haikuwa ikiitazama faida hiyo vizuri kabla ya kukataa kunakili.

Nilimuuliza atajuaje kama kanuni yake ni bora. Akasema ni kwa kupima. Programu zile zile ziendeshwe kwa kanuni ya zamani, kisha kwa kanuni mpya, kwa muda mrefu, kwenye mashine ambayo haina kazi nyingine yoyote. Ndiyo sababu alipenda Nunguni. Kyuso, alisema, mashine ingepata joto ikajipunguza mwendo yenyewe, na vipimo vingeyumba. Hapa ukungu ulikuwa unamfanyia kazi bure.

Na ndiyo sababu ya leso. Siku za kawaida nilikuwa na ruhusa ya kuandika karatasi zangu kwenye kasha lile, yeye mwenyewe alinifundisha na nywila akanipa. Leso ikiwekwa, ruhusa imekwisha mpaka itolewe. Ningeweza kujitetea kwamba sebule zetu huku zimejaa vitambaa, kwenye makochi, kwenye redio, kwenye televisheni, na kwamba nilidhani ni ya vumbi. Lakini nilikuwa nimeambiwa. Kilichonidanganya ni masikio. Mimi nilikua karibu na mashine ya kusaga posho: ikifanya kazi, soko zima linajua. Ile ya binti yangu ilikuwa kimya, na moyoni niliona kitu kilicho kimya kimepumzika.

Basi mwenyekiti alikuja akasema yule kijana wa Tawa anayetuchapishia vitu vya kongamano mashine yake imeharibika, na watu wanaondoka kwenda Kyuso wiki inayofuata bila karatasi. Nikamwonyesha leso. Nikamwambia mashine inapima.

"Inapima nini na imefunikwa macho?" akauliza.

Nikasema sijui vizuri, ila isiguswe.

"Hatuigusi, mzee. Tunaitumia tu." Akamimina chai nyingine. "Na kumbuka Kyuso ni kwa wakwe zako. Unataka waimbe wakiangaliana midomo?"

Hilo la wakwe ndilo lililonimaliza. Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kuona ni kazi gani hasa niliyokuwa nayo maishani. Nilitaka shemeji zangu washike karatasi iliyopangwa vizuri na wajue ilitoka mikononi mwa nani.

Jumamosi nilitoa leso nikaikunja. Sikuzima kitu chochote, na nakumbuka nilivyojisifu kwa hilo. Niliandika nyimbo tangu chai ya asubuhi hadi giza, nikaamua kila kiitikio mahali pake kwa makini kuliko wakati wowote, na printa ikachapa huku nikiendelea kuandika. Zilikuwa karatasi nzuri. Bado nasema hivyo. Nilipomaliza nikairudisha leso, maua yakiangalia nje, na pembe zikiwa sawa.

Binti yangu alirudi Jumapili akiwa na ndengu za mama yake. Alitazama leso, akafurahi, akaifunua na kuanzisha kipimo cha pili, cha kanuni mpya. Sikumwambia neno. Sikuona kuna la kusema. Mashine ilikuwa nzima.

Vipimo vilipokamilika alikaa akiangalia skrini, kisha akaniita. Kanuni mpya ilikuwa imeipita ya zamani kwa mbali sana, mbali kuliko alivyothubutu kutumaini. Alirudia hesabu. Akatuma majibu kwa wakubwa wake na kwa wenzake walio nchi nyingine ambao hukagua mabadiliko ya kompaila. Nilichinja jogoo. Jumapili iliyofuata nikasimama kanisani kutoa shukrani, nikasema Bwana amembariki binti yangu katika kazi ya mikono yake na sasa atakaa nasi. Watu wakasema amina, na mwenyekiti akasema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kisha majibu yakaanza kurudi. Wakaguzi walikuwa wamepima kwenye mashine zao. Waliona faida, lakini ndogo, si ile aliyoitangaza. Wakamuuliza kwa upole, halafu kwa upole kidogo tu. Alipitia mistari yote ya kazi yake upya. Alikula akiwa amesimama. Aliacha kuniita Kompaila, na mimi nikaacha kuuliza, maana kila nilipotaka kuuliza niliikumbuka ile Jumamosi, nikajiambia haiwezi kuwa hivyo, nyimbo tu.

Asubuhi moja alitoka chumbani akakaa mkabala nami. Alisema amekitazama upya kipimo cha kanuni ya zamani, siku kwa siku. Ijumaa ilikwenda vizuri na Jumapili vizuri. Jumamosi ilichechemea mchana kutwa.

"Baba, Jumamosi leso ilitoka?"

"Ilitoka."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliirudisha," nikasema.

Aliitazama ile leso. "Ndiyo. Uliirudisha vizuri sana."

Hakunipigia kelele. Ingekuwa nafuu. Alinieleza polepole, kama alivyonieleza kuhusu beti na viitikio, kwamba kanuni ya zamani ilikimbia ikiwa imebeba nyimbo zangu zote na ile printa mgongoni, na mpya ikakimbia mikono mitupu. Ushindi aliousherehekea ulikuwa uzito wangu. Kisha akajilaumu yeye. Alisema angepima kwa zamu, ya zamani kidogo, mpya kidogo, ya zamani tena, angeugundua mzigo siku hiyo hiyo. Alifanya haraka kwa sababu alitaka kwenda kumwona mama yake. Nikamwambia asibebe langu. Akasema la kwake ni lake.

Aliwaandikia kwamba vipimo viliharibika kwa sababu mtu mwingine alitumia mashine. Nilimuuliza kwa nini hakuandika ni baba yake.

"Wakiuliza baba yako alikuwa anafanya nini, niwaambie alikuwa ananakili viitikio?" Akacheka kidogo. Nilikipenda kile kicheko na kikanichoma.

Karatasi ziliimbwa Kyuso. Mke wangu alinipigia simu akasema shemeji zangu wameziweka ndani ya Biblia zao na hakuna mtu aliyepotea hata kwenye wimbo mmoja. Nilimwacha amalize ndipo nikamweleza.

Kanuni ya binti yangu ilikubaliwa mwishowe. Mwenzake mmoja aliipima upya kwenye mashine inayofungiwa chumbani, akaona ile faida ndogo ya kweli, na jina lililowekwa kwenye vipimo likawa la huyo mwenzake. Wakubwa hawakumfuta binti yangu wala hawakumtukana. Walisema tu kwamba kazi ya namna hii inataka mahali ambapo mashine inalindwa, na yale majaribio ya kufanyia kazi nyumbani yakaishia hapo. Alifunga nyaya zake kwenye masanduku yale yale mawili. Nilimsaidia kubeba kasha hadi kwenye gari, nikilishika kama mtoto mchanga, na akaniambia, "Sasa ndiyo unaliogopa?" Leso aliiacha. Iko kwenye redio.

Hupiga simu kila Jumapili baada ya ibada na huniuliza kama nimekula. Hunituma niwasalimie kuku. Sijawahi kusikia lawama kwenye sauti yake, na nimesikiliza sana. Lakini nikimuuliza anapima nini siku hizi, husema ni mambo ya ofisini tu, Baba, kisha huuliza habari za mvua.

Alikuwa amechagua kuishi Nunguni, akae nami hadi nitakapozeeka kabisa, na alikuwa ameniambia hivyo kwa mdomo wake. Kwa sababu nilimkubalia mwenyekiti, anaishi Nairobi, na mimi nimezeeka peke yangu katika nyumba hii.