Gari Lilimjia Mzee

Mimi ni naibu wa chifu huku Gesima, na kazi yangu kubwa ni kuitetea serikali. Barabara ikiharibika, naulizwa mimi. Stima ikipotea, naulizwa mimi, utadhani nyaya zinapita jikoni kwangu. Sioni haya kuitetea. Nilikua wakati wagonjwa wakibebwa kwa machela ya miti kupitia mashamba ya chai hadi barabara kuu, na wengine walirudishwa kabla hawajafika. Leo kuna zahanati, kuna wahudumu wa afya wa kijiji na mikoba yao, kuna namba ya bure ya kuita ambulensi. Mtu akiniambia hakuna kilichofanyika, damu hunichemka.

Lakini asubuhi moja ya baraza zahanati ilikuwa na kufuli mlangoni. Wauguzi walikuwa wamegoma, na mimi nilikuwa nimeagizwa kuwaeleza wananchi kwamba serikali inawajali wafanyakazi wake, mazungumzo yanaendelea, na huduma za dharura hazijasimama. Niliwakuta kwenye kituo cha kununulia majani chai, wakisubiri lori. Ukungu ulikuwa bado haujainuka. Niliyazungumza yote na hakuna aliyenibishia, na hilo ndilo lililonitia hofu. Watu wetu wakikupenda watabishana nawe hadi adhuhuri. Wakikuchoka, hunyamaza na kutazama viatu vyako.

Hotuba yangu ilikuwa imefika kwenye habari za ambulensi wakati msichana wa jirani yangu alipokuja mbio, sketi ya shule imelowa umande. Alininong'oneza kwamba mama yake amejifungulia nyumbani alfajiri na damu haikatiki. Niliogopa, na sitaficha kwamba niliona pia nafasi. Watu waone wenyewe. Nikapiga ile namba, nikaweka simu sauti ya juu, nikampa aongee kwa sababu yeye ndiye aliyetoka kwa mgonjwa.

Mwanamume aliyepokea hakuwa wa kwetu, lafudhi yake ilikuwa ya mbali. Aliuliza kuna nini.

"Baba anatoka damu," msichana akasema. "Nyingi sana."

Kwa Kiswahili alichofundishwa shuleni angesema mama. Lakini hofu ilimpokonya Kiswahili nusu, neno la nyumbani likabaki. Katika Ekegusii, baba ni mama aliyekuzaa. Baba wa Kiswahili sisi humwita tata. Kituo kizima kilisikia mama. Mimi nilisikia mama. Yule wa kwenye simu peke yake ndiye aliyesikia mzee wa nyumba.

Akauliza damu inatoka wapi. Msichana akainua macho. Wazee wa rika la babake walikuwa wamesimama mbele yake, na kwetu kuna ensoni, ile haya ya heshima inayomziba binti mdomo mbele ya watu kama hao. Hawezi kutaja uzazi wakisikia.

"Huku chini," akasema. "Miguuni."

Akaambiwa afunge kitambaa akaze sana, gari linakuja. Watu wakapiga makofi. Hilo la kitambaa lilinikaa vibaya, nikataka kuichukua simu, lakini ilikuwa imekatwa tayari na makofi yalikuwa yangu. Tangu asubuhi ile sikuwa nimepata hata mguno. Wanawake wawili waliondoka na msichana, mimi nikaendelea kuhutubia.

Lori la chai lilifika, likapakia, likaondoka. Ambulensi ilikuwa bado. Nikapiga tena, mwingine akanijibu kwa upole kwamba wanaanza na walio hatarini zaidi, na wetu yuko kwenye foleni. Nikamwambia anayevuja damu yuko hatarini. Akasema ndiyo, madam, tumeshaandika. Nilipofika kwa jirani wanawake walikuwa wametandika nguo zote za nyumba chini yake, na hawakunisalimia.

Gari lilipokuja lilikuwa jipya na safi, kama nilivyokuwa nimelisifu. Akashuka dereva na kijana mmoja aliyeshika bandeji.

"Mzee aliyejikata mguu yuko wapi?" kijana akauliza.

Mume wa mgonjwa alikuwa amesimama pale pale mlangoni, mzima. Wakamtazama miguu. Hapo ndipo nilipoelewa walichokuwa wamesikia kwenye simu. Hawakuwa na dripu wala mkunga, wala dawa ya kuzuia damu ya uzazi. Tulimbeba tukampakia, wakateremka naye wakipiga king'ora. Alikata roho kabla ya kufika mjini.

Siku ya mazishi wakubwa wangu walinipigia simu. Kulikuwa na maneno mitandaoni, na nilitakiwa niseme wazi kwamba ambulensi iliitwa na ikafika. Ilikuwa kweli. Nikasimama kando ya kaburi nikasema iliitwa na ikafika, kwamba kosa lilikuwa la lugha, na kwamba serikali haikulala. Wakatazama viatu vyangu. Kwaya ya Sabato haikuanza wimbo hadi nilipoketi. Nilijichukia, na bado nilihisi kwamba sikuwa nimesema uongo.

Watu walipoanza kutawanyika msichana alinijia, kichanga mgongoni. Akageuka ili nimguse mtoto. Paji la uso wake lilikuwa la moto.

"Hanyonyi chupa tangu jana, madam," akasema. "Na zahanati bado imefungwa. Nipige ile namba?"

Wazee walisimama. Wale wanawake wawili waligeuka wakasubiri nijibu, na nilijua kwamba chochote nitakachosema kitafika kwa wakubwa wangu kabla ya jioni.

"Usipige," nikasema.

Nikamfungua mtoto mgongoni kwake, nikamfunga kwa leso yangu, tukaenda kutafuta pikipiki ya kutufikisha hospitali mjini.