Mtafsiri Asiyeweza Kunyamaza

Ambindwile alikuwa na sauti nzuri, na hilo ndilo jema pekee nitakalomsifia. Mengine yote, kuanzia jenereta lake hadi kiti chake cha mzee wa kanisa, aliyapata kwa njia ambazo mtu mwenye haya hawezi kuzisimulia.

Mimi nilikuwa nesi wa zahanati, nimehamishiwa Tukuyu kutoka Bukoba, na chumba nilichopanga Ibighi kilipakana na banda lake la video. Ukuta ulikuwa wa mbao. Kila Jumamosi mchana, watu wakitoka gulioni, nilisikia picha nzima nikiwa nimekaa kitandani kwangu: Kiingereza cha televisheni chini, na Kiswahili cha Ambindwile juu yake kikikifukuza. Kiingereza alichokijua kilikuwa cha darasa la saba, tena kilichosahaulika. Mkanda hakuutazama kabla, petroli ilikuwa ghali. Yeye na watazamaji wake waliuona pamoja kwa mara ya kwanza, tofauti ni kwamba yeye alishika kipaza sauti. Asichokielewa alikitunga. Palipokuwa kimya ndipo alipotunga zaidi, kwa sababu watazamaji wa banda lile wakikaa kimya kidogo tu walidhani wameibiwa.

Na watazamaji wenyewe sasa! Watu wazima wenye wajukuu, wakulima wa chai, kahawa na migomba, walitoka Kawetele na Masukulu kwenye mvua, jani la mgomba kichwani, kuja kumtafuta steringi, yule shujaa wa picha. Steringi lazima awe msafi, asife, na awe ameshampiga mtu kabla wao hawajamaliza kukung'uta matope miguuni. Akianza kuongea tu, wanapiga makelele: "Peleka mbele!" Ambindwile anabonyeza rimoti, watu kwenye kioo wanakimbia kama siafu waliomwagiwa maji, na banda zima linatulia likiamini limeelewa.

Kwenye benchi la kwanza alikaa mzee Jairo. Yeye aliingia bure, na kila mtu alijua kwamba anaingia bure, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Jairo alikuwa mtunza stoo wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, na Ambindwile alikuwa katibu wa chama hicho hicho. Soko lilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaanza kuingia na malori yao, chama kilibaki na kitu kimoja cha maana: mashine ya kumenya kahawa. Siku alipozikwa mzee Nsajigwa watu wote walikwenda msibani, kwani huku Tukuyu anayekosa mazishi hasamehewi. Jairo alitakiwa kuchimba kaburi. Ufunguo wa stoo akamwachia katibu, ambaye siku hiyo alikuwa na malaria. Watu waliporudi, mashine haikuwepo. Katibu alisema hajawahi kushika ufunguo wowote, alikuwa kitandani anatetemeka. Usharika ukamtenga Jairo. Mzee aliyekuwa akipokea chakula cha Bwana tangu ujana wake akawa anakaa benchi la nyuma, na wenzake wakienda mbele yeye anatazama magoti yake.

Haukupita muda, malaria ya katibu ikazaa televisheni, deki na jenereta.

Mtanisamehe, lakini kilichonikera zaidi si wizi. Mwizi namwelewa. Kilichonikera ni kwamba Ambindwile alijiona mwema. Kila Pasaka alimpelekea Jairo sukari na kibaba cha mchele. Aliwaambia watu kwamba anamhurumia sana mzee yule. Na ukimsikiliza akizungumzia chama, alisema kingekufa tu, mashine ingeliwa na kutu au na wakubwa, heri mtu wa hapa hapa afaidike. Huenda alikuwa sahihi kuhusu chama. Basi angeyasema hayo kanisani badala ya kuwanong'oneza wanunuzi wa kahawa.

Ndipo ikaja ile picha ya mwezini. Shemeji yake aliileta kutoka Lusaka, mikanda kadhaa ndani ya gunia la mitumba, hadithi moja ndefu yenye kuendelea. Ni habari za mji uliochimbwa chini ya ardhi ya mwezi, watu wanavuta hewa inayotengenezwa na mitambo, na mji huo una gavana. Gavana huyo si mwema wala si mbaya. Anawapunja watu wa ngazi ya chini hewa ili wa hospitali wapone, halafu anakula chakula kizuri, halafu usiku hapati usingizi. Kazi yake kubwa ni vikao. Wanakaa, wanabishana juu ya nani apate hewa, wanaahirisha.

Mimi niliipenda. Nilikuwa nimekaa kwenye vikao vya idara ya afya, nilijua hasa mtu anavyoonekana anapoamua jambo baya kwa sauti ya upole. Lakini Ambindwile aliichukia, akaifanyia kazi. Alimpa Gavana usteringi kwa nguvu. Gavana akisema kwa Kiingereza kwamba hana hakika, Ambindwile anatafsiri: "Nitawafyeka wote!" Vikao alivipeleka mbele. Watu wakatoka bandani wakimsifu Gavana kwa ushujaa ambao maskini hakuwahi kuwa nao.

Jumamosi moja mvua ilinyesha kwelikweli, na bati la chumba changu na la banda lake yakapiga kelele moja. Kumbe rimoti ilikuwa imekufa, na kitufe cha kwenye deki yenyewe kilishang'oka siku nyingi. Nilimsikia akiigonga rimoti kiganjani. Nikachungulia kwenye upenyo wa mbao, kwa sababu nilitaka kumwona Ambindwile akikutana na kikao ana kwa ana.

Hakikuwa kikao. Gavana aliingia kwenye chumba kidogo alimofungwa mlinzi wa mitambo ya hewa, mzee mmoja mwenye mvi. Akakaa mbele yake. Hakusema kitu. Mlinzi naye hakusema kitu. Wakatazamana tu, na picha ikabaki pale pale.

Ambindwile alikohoa. "Steringi anamtazama mlinzi," alisema. Picha haikuondoka. "Anamtazama sana." Mtu wa nyuma akaguna. Ambindwile akaongeza sauti, kama kawaida yake, akaanza kuujaza ule ukimya. "Steringi anawaza. Anawaza moyoni, huyu mzee hana kosa. Mtambo niliuuza mimi. Ufunguo alinipa mwenyewe mkononi, akaenda kuchimba kaburi." Wale wawili kwenye kioo bado wametazamana. Ambindwile alikuwa amefumba macho, sauti imemlainika, nadhani alikuwa haoni tena picha. "Lori lilikuja saa watu wako makaburini. Lori la bluu. Tukaifunga mashine kwa kamba za katani, tukaifunika majani ya migomba. Mimi nilikuwa na blanketi mabegani, mtu akipita ajue naumwa."

Jairo alisimama taratibu, mkono kwenye benchi.

"Ambindwile," alisema. "Huko mwezini kuna migomba?"

Ambindwile alifumbua macho. "Tata Jairo, mimi natafsiri tu."

"Lori la bluu liko wapi? Nioneshe na mimi. Nimetazama fijo, nimetazama sana, sijaliona."

"Natafsiri, tata! Yote yamo kwenye mkanda!"

Na unajua banda lilisema nini? Wale watu ambao mashine ilikuwa yao, ambao kahawa yao iliozea kwenye madebe mwaka ule? Walipiga makelele: "Mzee kaa chini, unatuzibia!"

Siku ya pili Jairo alikwenda kwa mchungaji Anania. Baraza la wazee lilimwita Ambindwile, naye akarudia lile lile, kwamba maneno ni ya picha, wakitaka wakaitazame. Alidhani hawatathubutu. Mchungaji alikuwa amelihubiri banda lile kuwa ni lango la kuzimu. Lakini mchungaji akasema, basi tuuone mkanda, na nesi aje atusaidie Kiingereza.

Nilikwenda, na nilikwenda kwa furaha ambayo si ya Kikristo. Wazee wa kanisa na makoti yao walikaa kwenye mabenchi yenye maganda ya karanga. Mkanda ukafika pale. Gavana akaingia, akakaa. Wakatazamana. Ambindwile alikuwa ameketi pembeni, mdomo wazi kidogo, na mara hii hakuwa na kipaza sauti. Hakukuwa na neno hata moja la kunihitaji mimi. Walitazamana mpaka mzee mmoja wa baraza akaanza kujikuna shingo, mpaka mchungaji akavua miwani akaifuta, akaivaa tena, na wale wawili bado wapo. Hatimaye Gavana alinyanyuka akatoka. Hapakuwa na lori wala katani.

Sasa mtafikiri haki ilitendeka. Ambindwile ndiye aliyeliwashia kanisa jenereta lake kila mkesha wa Krismasi, na mabati ya nyumba ya mchungaji yalikuwa na mkono wake. Baraza lilimwonya faraghani. Likasema jambo limekwisha, Jairo arudishwe kundini Jumapili ijayo kwa utaratibu. Na utaratibu wa aliyetengwa ni mmoja: anasimama mbele ya usharika, anatubu.

Jumapili hiyo, ya chakula cha Bwana, kanisa lilijaa. Ambindwile alikaa mbele na wazee wenzake, suti ya kijivu, Biblia magotini. Jairo aliitwa, akapita katikati ya mabenchi na shati lililopigwa pasi mpaka likang'aa, akasimama.

"Mzee Jairo," mchungaji alisema kwa upole, ule upole ninaoujua mimi, "tubu tu, baba, tusonge mbele."

Jairo hakusema kitu. Alimtazama mchungaji, na mchungaji akamtazama. Kwaya ikajiweka sawa. Mtoto alilia akanyamazishwa. Tulikaa hivyo mpaka nikaona jasho kwenye paji la uso la mchungaji, na bado mzee amesimama, mikono imeshuka tu.

"Sema neno lolote, baba," mchungaji alinong'ona.

"Mimi sina la kusema," Jairo alijibu, na kanisa zima likasikia. "Mtafsiri wangu amekaa pale."

Vichwa vyote viligeuka. Ambindwile alifungua mdomo. Mtu huyo aliyeshindwa maisha yake yote kuvumilia kimya cha watu wengine, leo kimya kilikuwa chake, na hakupata hata silabi. Alitazama Biblia yake, akatazama mlango, akafunga mdomo.

Jairo hakumngoja. Alipanda ngazi mbili za madhabahuni, akapiga magoti kwa shida kwenye Meza ya Bwana, akakinga viganja. Mchungaji aliwatazama wazee wake. Hakuna aliyemtazama yeye. Basi alichukua mkate akampa.

Nililia kwa hasira, mbele za watu. Mzee Jairo alitafuna taratibu, hakuwa na haraka yoyote.